Kipindi ni cha bure, picha zina mwenyewe

Kwa miaka mingi vituo vya redio na televisheni vya Afrika Mashariki vilijaza saa zao za matangazo kwa vipindi vya Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika (VOA), iliyoanza mwaka 1962. Vipindi hivyo havikuuzwa. Kituo kilichoingia ushirika na VOA kilipokea taarifa za habari, mahojiano na, kwa upande wa televisheni, kipindi cha Duniani Leo, kikavirusha bila kulipa ada. Kwa kituo cha mkoani ambacho matangazo ya biashara hayatoshi hata kununua mafuta ya jenereta, huo ulikuwa msaada mkubwa. Ila ndani ya vipindi hivyo mna mali ya watu wengine, na meneja asiyelijua hilo anaweza kujikuta anadaiwa kwa kitu alichodhani amepewa.

Mzizi wa suala uko kwenye kifungu cha 105 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kinachosema kazi ya serikali ya nchi hiyo haina hakimiliki. Kazi ya serikali hapo ni ile iliyotayarishwa na ofisa au mtumishi wa serikali akiwa kazini. VOA ni chombo cha serikali. Kwa hiyo taarifa iliyoandikwa na mtumishi wake, na picha zilizopigwa na mpiga picha wake wa kuajiriwa, ni mali ya umma tangu siku zilipotengenezwa, na yeyote anaweza kuzinakili.

Kifungu hicho hakigusi mali ya mtu mwingine iliyoingizwa kwenye kipindi kwa mkataba. Kwa miaka mingi VOA ilinunua picha kutoka Associated Press (AP), Reuters na Agence France-Presse (AFP). Ilichonunua ni ruhusa ya kuzitumia, na picha zilibaki za wenyewe. Masharti ya VOA yanalisema hilo waziwazi: kilichotengenezwa na VOA pekee kinaweza kutumika, na cha mashirika ya habari hakiruhusiwi kunakiliwa wala kusambazwa upya bila idhini ya mwenye mali.

Chukua mfano wa taarifa ya dakika 3 kuhusu mapigano ya mashariki mwa Kongo. Sauti ya msimulizi ni ya VOA, na mahojiano na mchambuzi yamefanywa studio na VOA. Picha za wakimbizi wakielekea Goma zimetoka Reuters. Picha za kikao cha Baraza la Usalama zimetoka Umoja wa Mataifa. Mtazamaji anaona taarifa moja. Mwanasheria anaona vyanzo vitatu, kila kimoja na masharti yake.

Wapo wanaodhani kwamba kila kinacholipiwa na kodi ni cha wote. Hiyo si kweli hata ndani ya Marekani. Radio Free Europe na Radio Free Asia zimekuwa zikipata fedha kutoka Bunge la nchi hiyo, lakini kisheria ni taasisi binafsi zisizo za faida na wafanyakazi wao si watumishi wa serikali, hivyo hakimiliki ya kazi zao ipo. Deutsche Welle hulipwa kutoka bajeti ya serikali kuu ya Ujerumani na hushikilia haki zake. BBC World Service ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi mwaka 2014, na hakuna siku vipindi vyake viliwahi kuwa mali ya umma kwa sababu hiyo. Nchini Kenya nako, sheria inaipa serikali hakimiliki ya kazi zinazotengenezwa chini ya maelekezo yake. Mhariri aliyepokea vipindi vya VOA, Deutsche Welle na BBC kwa wiki moja alishughulika na taratibu tatu tofauti.

Mashirika ya habari hulinda picha kwa ukali kwa sababu ya namna yanavyojiendesha. AP ilianzishwa mwaka 1846, Reuters mwaka 1851, na AFP ilizaliwa mwaka 1944 kutoka kwa Havas ya mwaka 1835. Biashara yao tangu hapo ni moja: kugawa gharama ya kufika kwenye tukio kati ya wateja wengi. Kumweka mpiga picha Juba au Mogadishu, na bima yake, gari lake na mlinzi wake, ni gharama ambayo kituo kimoja hakiimudu. Wateja mamia wakichangia, inawezekana. Mteja mmoja akilipa kisha akawagawia wenzake ishirini, hesabu hiyo inavunjika.

Mahakama za Marekani zimelishughulikia jambo hili. Mwaka 1992, ghasia zilipozuka Los Angeles, shirika dogo la Los Angeles News Service lilipiga kutoka helikopta picha za dereva wa lori akipigwa barabarani. Liliipa NBC leseni. Picha zikafika kwa shirika la picha za habari la Visnews mjini New York, ikazinakili na kuzirusha kwa wateja wake wa Ulaya na Afrika. Liliposhtaki, wadaiwa walisema ni matumizi halali kwa kuwa ni habari. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo. Leseni ya NBC haikumfunika aliyepokea kutoka NBC.

Visnews hiyo hiyo ina historia yetu ndani yake. Mwaka 1984 Mkenya Mohamed Amin alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, BBC ikazitangaza tarehe 23 Oktoba kwa sauti ya Michael Buerk, na Visnews ikazisambaza duniani kote. Baadaye Visnews ikamezwa na Reuters. Hadi leo wapiga picha wa Nairobi, Goma na Mogadishu hufanya kazi hiyo hiyo, picha zao huenda London au Paris, kisha hurudi kwetu zikiwa na bei. Hili linaniuma. Hata hivyo dawa yake haipatikani kwa kuchukua bila ruhusa, maana anayeumia wa kwanza ni yule mpiga picha ambaye shirika litapunguza bajeti yake.

Serikali ya Marekani ina kinga ambayo kituo cha Mwanza au Kisumu hakina. Chombo chake kikitumia kazi ya mtu bila ruhusa, sheria humruhusu mwenye kazi kudai fidia katika mahakama maalumu ya madai dhidi ya serikali, lakini hawezi kupata amri ya kuzuia matumizi. Kituo chetu kinaweza kuzuiwa na kudaiwa kwa pamoja. Na kabla ya mahakama kuna YouTube: chaneli ikipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 inaweza kufungwa, pamoja na kila kitu kilichomo.

Sheria zetu zinatoa nafasi, ila ni finyu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Mkataba huo hauzilindi habari za siku zenyewe: kwamba daraja limeanguka ni taarifa ya kila mtu. Picha ya daraja likianguka ina mwenyewe. Sheria ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya kuripoti matukio ya sasa, chanzo kikitajwa, na hiyo husaidia kwa sekunde chache ndani ya taarifa yako mwenyewe. Kurusha kifurushi kizima, kisha kukiweka mtandaoni kikiwa na matangazo ya biashara, ni jambo jingine. Maneno “picha kwa hisani ya” tunayoyapenda sana kwenye skrini zetu hayana uzito wa leseni.

Matukio ya Machi 2025 yalifanya suala hili kuwa la haraka. Kari Lake, wakati huo mshauri mwandamizi katika wakala unaosimamia VOA, alitangaza kufuta mikataba na AP, Reuters na AFP, akisema makumi ya mamilioni ya dola yangeokolewa. Siku chache baadaye wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa VOA waliwekwa likizo na matangazo yakanyamaza. Vituo washirika vilibaki na maktaba za vipindi vya zamani, na kishawishi cha kuvirudia ni kikubwa. Mikataba ya picha kwa kawaida hutaja muda, eneo na aina ya matumizi. Mwenye leseni akishaondoka, aliyepokea kutoka kwake hana pa kujishikiza.

Mameneja wa vituo, pitieni maktaba zenu kabla ya kurudia kipindi chochote. Kila video ya shirika la habari hutoka na karatasi inayotaja mpiga picha, chanzo na masharti. Idaini karatasi hiyo kwa kila kipindi mnachopewa bure, na msiporidhika, rusheni sauti mkaziache picha.