Nyundo, Koni na Udongo wa Gatongora

Kujua kama barabara ya mtaani itahimili lori la mawe, si lazima kufukua shimo. Watu watatu na fimbo ya chuma wanatosha. Wa kwanza huishika fimbo isimame wima. Wa pili huinua nyundo ya kilo 8 na kuiachia ianguke sentimita 57.5. Wa tatu husoma rula na kuandika fimbo imezama milimita ngapi. Nchani pana koni ya nyuzi 60, yenye kipenyo cha milimita 20. Fimbo yenyewe ina milimita 16 tu, ili udongo wa pembeni usiikwaruze na kuharibu hesabu.

Matokeo husomwa kwa kila pigo. Kwa fomula inayotumiwa sana na wahandisi wa barabara, koni ikizama milimita 10 kwa pigo, udongo una takriban asilimia 26 ya uwezo wa kokoto za kiwango. Ikizama milimita 50, uwezo huo hushuka hadi asilimia 5 hivi. Tena fimbo husimulia tabaka kwa tabaka: changarawe ngumu juu, kisha ghafla koni inadidimia kwa pigo moja. Hapo ndipo barabara itakapobonyea, hata kama juu inang'aa.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kwenye theluji. Katika miaka ya 1930 huko Davos, Uswisi, mhandisi Robert Haefeli alipima theluji ya milimani kwa fimbo ya kugongwa kwa nyundo, nayo ncha yake ni koni ya nyuzi 60. Shida ni kwamba tabaka dhaifu linaloangusha mlima mzima wa theluji huweza kuwa na unene wa milimita chache tu, na nyundo hulipita bila kulihisi. Mwaka 1998, Martin Schneebeli na Jerome Johnson walieleza kifaa kinachosukumwa na mota kwa kasi isiyobadilika, chenye koni ya kipenyo cha milimita 5, kinachopima nguvu mara 250 katika kila milimita moja.

Gatongora, wadi ya Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, haijui theluji, lakini inajua tabaka dhaifu. Ruiru imekaa mahali udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa, upande wa magharibi, unapopakana na udongo mweusi wa tambarare za mashariki. Mwekundu hupitisha maji. Mweusi ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, ploti zimeenea pande zote mbili, na lori za mchanga na mawe hupita kwenye njia zilizokuwa za mashamba.

Hapa ndipo nambari ya koni inapoweza kudanganya. Ukigonga udongo mweusi mwezi Februari, kiangazi kimekomaa, koni hugoma kama imekutana na jiwe. Rudi Mei, mvua za masika zikiwa zimenyesha, koni inazama pale pale. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni maji. Ndiyo maana fundi makini huandika tarehe, hali ya unyevu na mahali alipogonga, na hupima sehemu nyingi. Jiwe moja lililojificha laweza kuifanya fimbo isisonge hata baada ya mapigo 20, ilhali mita moja pembeni pamelegea.

Kipimo hiki kina mpaka mwingine. Fimbo ya kawaida hufika sentimita 80 hivi, inayofaa kwa barabara na sakafu, si kwa ghorofa. Mwenye nia ya kujenga fleti anahitaji shimo lililochimbwa kwa mashine, ambamo nyundo ya kilo 63.5 huangushwa sentimita 76 na mapigo kuhesabiwa kwa kila sentimita 30 za kina.

Kwa hiyo ukipewa ripoti inayosema ardhi ya ploti yako ni imara, usiishie kwenye nambari. Uliza ilipimwa lini, kwa kina gani, na katika sehemu ngapi. Ripoti ya kiangazi kwenye udongo mweusi ni nusu ya jibu. Nusu nyingine huletwa na masika.