Mwanafunzi wa Chuo Kikuu: Ukikwama, Ubishe Mlango Upi?

Kila muhula unapoanza, nyumba za kupanga za Kitengela, Ongata Rongai na mji wa Kajiado hupokea vijana waliokuja kusoma. Baadhi yao wako Chuo Kikuu cha KAG East, Kitengela, wengine Africa Nazarene kule Rongai au Chuo Kikuu cha Umma, Kajiado. Wapo pia wanaosomea Nairobi, au Athi River katika kaunti jirani ya Machakos, ila wamepanga chumba Kitengela. Wengi wanaishi mbali na wazazi kwa mara ya kwanza. Karo inapokwama, ugonjwa unapoingia au mawazo yanapozidi, hawajui waanzie wapi.

Msaada upo, lakini umegawanywa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vyuo vikuu chini ya Serikali ya Kitaifa, nazo hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati chini ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo Kaunti haiwezi kubadilisha uamuzi wa chuo wala kuidhinisha mkopo wako, ila milango ya hospitali zake iko wazi kwako hata kama kwenu ni Busia au Lamu. Kwa ufupi, basari hufuata nyumbani kwenu. Matibabu hufuata ulipo.

Karo na pesa za matumizi

Maombi ya mkopo hupelekwa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, kupitia mtandao. Ukikwama, ulizia usaidizi katika Kituo cha Huduma kilicho mjini Kajiado. Basari huombwa katika wadi au eneo bunge la nyumbani wakati tangazo linapotolewa. Weka tayari nakala za barua ya kujiunga na chuo, kitambulisho na muundo wa karo, kwa kuwa muda wa kutuma maombi huwa mfupi.

Mambo yakizidi kuwa magumu, usipotee chuoni kimyakimya. Nenda katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, ueleze hali yako na uulize utaratibu wa kuahirisha masomo. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua ana nafasi ya kurudi. Aliyetoweka bila taarifa huenda akahesabiwa kuwa ameacha masomo au ameanguka mitihani. Mwarifu pia HELB ikiwa unapokea mkopo.

Unapougua

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# kwenye simu. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukishasajiliwa, huduma za kimsingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, hata kama hujaanza kulipa mchango. Kulazwa hospitalini ni jambo tofauti: huko lazima mchango uwe umelipwa. Ikiwa bado unamtegemea mzazi, hakikisha mapema kwamba jina lako limo katika usajili wake. Usingoje mpaka siku ya kulazwa.

Mawazo yanapozidi

Vyuo vikuu vina ofisi za ushauri nasaha, na hapo ndipo pa kuanzia kwa mwanafunzi asiyelala, asiyekula au aliyeacha kuingia darasani. Ikiwa hutaki kuonekana chuoni, au chuo kimefungwa, nenda Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, ile ya Ongata Rongai au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Si lazima ujue jina la ugonjwa. Mwambie mhudumu wa afya, kwa maneno yako mwenyewe, unavyojisikia na tangu lini. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao.

Kuna hofu moja ambayo imewafungia wengi midomo. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyeokolewa aliogopa kukamatwa, na familia ilificha. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu, kupitia uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo mwambie daktari ukweli. Umekuja kutibiwa, hukuja kukiri kosa.

Ukidhulumiwa kimapenzi

Hapa saa zina maana kubwa. Nenda hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo ulizovaa. Zibebe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Matibabu ya aliyebakwa katika hospitali za umma hayalipishwi, na fomu ya P3 ya polisi ni ya bure. Huhitaji kupiga ripoti polisi ndipo utibiwe.

Nambari za kuhifadhi kwenye simu

Nambari zifuatazo ni za bure:
1199 – Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ushauri nasaha
1192 – NACADA, kwa matatizo ya pombe na dawa za kulevya
1195 – dhuluma za kijinsia
1190 – maswali ya vijana kuhusu afya
999 au 112 – polisi na dharura

Kwa wazazi, wenye nyumba na majirani

Mara nyingi anayeona kwanza si mhadhiri, bali ni mtu wa ploti. Mlango haujafunguliwa siku mbili, kijana anagawa vitu vyake, au anasema yeye ni mzigo kwa wenzake. Bisha hodi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake. Piga 1199 au mfikishe hospitali iliyo karibu.

Mzazi naye, kabla ya kuuliza matokeo ya mtihani, aulize mwana amekula nini na analala vipi. Jibu likichelewa, mwelekeze kwa mlango unaofaa, na ikiwezekana umsindikize.