Vijana Watengenezao Gemu na Uchaguzi wa Zana za Kusimamia Kazi

Mfanyabiashara wa jumla katika Mtaa wa Kongo hupokea mzigo, huutuma mikoani na mwingine huukopesha kwa wauzaji wadogo. Jioni daftari lake humweleza nani amechukua nini na nani hajaleta fedha. Kikundi cha vijana wanne au watano wanaotengeneza gemu ya simu kinahitaji daftari la namna hiyo, ijapokuwa mzigo wao hauonekani kwa macho.

Haja hiyo huwa kubwa zaidi pale kikundi kinapofanya kazi kwa fedha ya mkopo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba haipo, lakini marejesho yapo, na gemu isiyokamilika haina mnunuzi.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kuliingiza bao la Kiswahili katika simu. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lakini ugumu wake hauko katika hesabu hiyo. Uko katika kanuni. Namua ina masharti yake, mtaji una yake, na kuna nyakati kete huweza kuzunguka ubaoni bila kutua. Programu isipowekewa kikomo hukwama hapo. Mwandishi wa programu anapohangaika na hayo, mchoraji husubiri kuambiwa ukubwa wa ubao, na mtayarishaji wa sauti humsubiri mchoraji. Wakitegemea kundi la WhatsApp peke yake, uamuzi wa Jumatatu huwa umefunikwa na salamu na picha za harusi ifikapo Alhamisi.

Zana ifaayo kuanzia ni ubao wa kadi. Mtindo huo ulikuzwa katika viwanda vya Toyota nchini Japani, ambako kadi zilionyesha kipuri gani kinahitajika na wapi. Kila kadi hubeba kazi moja na jina la mhusika mmoja, nayo husogezwa kutoka safu ya kazi zinazosubiri hadi zinazofanyika, kisha zilizokwisha. Trello, iliyoanzishwa mwaka 2011, hufuata mtindo huo. HacknPlan ilibuniwa mahususi kwa watengenezaji wa gemu. Jira ina uwezo mkubwa kuliko hizo, ila kwa watu wanne ni sawa na kukodi Fuso kubeba tenga moja la nyanya. Wanaokaa chumba kimoja kila siku wanaweza kuanza hata na karatasi zilizobandikwa ukutani.

Ubao, hata hivyo, hautunzi kazi yenyewe, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kompyuta mpakato ikiibiwa kwenye daladala, au flashi ikiharibika, miezi ya kazi hupotea pamoja nayo. Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, na nakala huweza kuwekwa GitHub. Ikumbukwe kuwa GitHub hukataa faili linalozidi megabaiti 100. Picha na sauti za gemu hufikia ukubwa huo kwa urahisi, hivyo huhitaji nyongeza iitwayo Git LFS, pamoja na bando la kutosha.

Kabla ya kuamua, kikundi kijaribu zana kwa wiki mbili kwa kazi halisi. Kitazame kama inafunguka vizuri kwenye simu za wanachama wote, kama kazi huendelea intaneti inapokatika, na kama kumbukumbu zinaweza kupakuliwa siku ya kuhama. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu binafsi, na wanachama wawili wawe na mamlaka ya usimamizi. Mmoja akiondoka kwa ugomvi akiwa ndiye mwenye nywila pekee, waliobaki watalipa deni la gemu wasiyoweza kuifungua.

Kikundi kinachoandaa andiko la mradi kwa ajili ya mkopo kinaweza kutumia kadi hizo hizo kupanga kazi na muda wake, na kupata maelezo zaidi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.