Tuviangalie Viumbe Vidogo kwa Karibu

Mtu apitaye penye shamba la maharagwe asubuhi huona majani tu. Lakini akiinama, ataona panzi ametulia, mwili wake umejaa matone ya umande. Je, twawezaje kupiga picha ya kitu kidogo namna hiyo?

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya matajiri. Sivyo. Mwenye simu aweza kubandika juu yake lenzi ndogo ya kukuzia. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi aweza kuigeuza lenzi yake ya milimita 50, mbele ikawa nyuma, na kuifunga kwa pete yake. Ama aweke kati ya kamera na lenzi bomba tupu lisilo na kioo. Lenzi ikisogea mbali na kamera, huweza kumkaribia mdudu na kumkuza.

Shida ni moja: kwa karibu hivyo, sehemu ionekanayo wazi ni nyembamba sana, pengine haipiti milimita mbili. Basi tulenge macho ya mdudu, tuegemeze viwiko, tupige picha nyingi, kisha tuchague. Tena twende alfajiri. Mdudu hupata joto lake kutoka nje. Wakati wa baridi hana haraka ya kukimbia.

Sisi wenyewe tulipoanza hatukuwa na subira. Tulitoka saa sita mchana, panzi wakaruka huku na huku. Tulipochoka, tukamwambia mtoto wetu amkamate mmoja kwa mguu. Panzi akajikwanyua, akauacha mguu mkononi mwa mtoto, akaanguka mbele yetu. Tulipiga picha, nayo ikatoka safi kupita zote.

Jioni mtoto akauliza: “Baba, mguu wake utaota tena?”

Ilitupasa kusema kweli: panzi aliyekwisha komaa haoti tena mguu wa kurukia. Picha ile tukaifuta.

Tangu siku ile tumeshika kanuni hii nyumbani: mdudu asishikwe, wala jani lake lisikatwe. Akiondoka, tutarudi kesho. Ninyi wazazi, jaribuni kesho alfajiri pamoja na watoto wenu. Picha ya kwanza ikitoka na ukungu, msikate tamaa. Mtoto atakuwa amekwisha jifunza kunyamaza na kutazama.