Ruta Moja, Majina Mawili: Kutenganisha Bendi za Wi-Fi Nyumbani

Wapo watumiaji wanaotueleza kwamba wamelipia intaneti ya faiba yenye kasi kubwa, lakini wakiwa chumbani video hukwama, na kamera ya ulinzi waliyoinunua inakataa kabisa kuunganishwa. Baadhi yao hushauriwa kuhamia kifurushi cha juu. Kabla ya kukubali gharama hiyo, ambayo italipwa kila mwezi, tunawashauri wakague kwanza jambo moja lisilo na malipo: namna ruta yao inavyotumia masafa ndani ya nyumba.

Ruta nyingi zinazofungwa majumbani siku hizi hurusha mawimbi ya redio katika bendi mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Wimbi la bendi ya kwanza lina urefu wa takriban sentimita 12, na la bendi ya pili takriban sentimita 6. Kwa kawaida, kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo mawimbi yanavyodhoofika zaidi yanapopita ukutani. Katika nyumba zetu za matofali ya saruji tofauti hiyo huonekana wazi. Bendi ya gigahezi 5 huwa na nguvu sebuleni ilipo ruta, kisha ikafifia baada ya kuta mbili, ilhali ile ya gigahezi 2.4 bado hufika jikoni, na pengine hadi getini. Nguzo ya zege yenye nondo, bati na kioo kikubwa cha kabati huzisumbua bendi zote mbili.

Hata hivyo, bendi inayofika mbali ndiyo yenye msongamano. Inaanzia megahezi 2,400 na kuishia megahezi 2,483.5, na katika nafasi hiyo finyu chaneli ambazo kwa kawaida hutumika bila kuingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo la ghorofa lenye familia nyingi, ruta zote hugombania chaneli hizo tatu. Bluetooth nayo imo humo humo. Hata oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, na mawimbi machache yanayopenya kutoka ndani yake hutosha kukatiza mazungumzo ya video ya mtu aliye karibu nayo. Hapo hakuna jirani wa kushtakiwa, kwa kuwa bendi hizi hutumiwa na watu wote kwa pamoja na hakuna mwenye haki ya peke yake. Bendi ya gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi na pana zaidi, ndiyo maana kasi yake ni kubwa.

Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na jina moja kwa bendi zote mbili. Lengo ni kumpunguzia mtumiaji kazi, na katika nyumba nyingi mpango huo unafaa. Nyumba yenye sebule moja na simu tatu haina haja ya kubadilisha chochote. Matatizo huanza pale kifaa kinapochagua vibaya. Televisheni iliyo mita mbili kutoka kwenye ruta huweza kung'ang'ania bendi yenye msongamano, na mtumiaji asijue, kwa sababu jina analoliona ni lile lile. Kamera na balbu zinazoendeshwa kwa simu nazo mara nyingi zimeundwa kutumia gigahezi 2.4 tu. Wakati wa kuziunganisha, simu ikiwa kwenye gigahezi 5, baadhi ya programu zake hushindwa kukamilisha kazi. Mnunuzi huirudisha kamera dukani akidhani ni mbovu.

Kutenganisha bendi ni kuipa kila moja jina lake. Unganisha simu au kompyuta na ruta, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyochapishwa kwenye lebo iliyo chini au nyuma ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingiza jina la mtumiaji na nywila ya msimamizi vilivyo kwenye lebo hiyo. Tafuta ukurasa wa WLAN au Wireless. Kama kuna kitufe cha Band Steering au Smart Connect, kizime, na majina ya bendi mbili yatajitokeza kila moja mahali pake.

Hapa tunasisitiza jambo ambalo huwaokoa watu usumbufu mwingi: liache jina la zamani kwa bendi ya gigahezi 2.4, na jina jipya ulipe bendi ya gigahezi 5. Ukifanya hivyo bila kubadili nywila, kamera na vifaa vingine vya bendi hiyo vitaendelea kufanya kazi, nawe utahamisha televisheni, kompyuta na simu tu. Jina lisitaje namba ya nyumba wala jina la familia. Kwa ulinzi chagua WPA2 au WPA3, na ukiwa kwenye ukurasa huo badilisha pia nywila ya msimamizi, maana ile ya kwenye lebo husomwa na kila anayeishika ruta.

Baada ya kuwasha ruta upya, jina la gigahezi 5 huweza kuchelewa dakika moja au zaidi. Si lazima iwe hitilafu. Sehemu ya bendi hiyo hutumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na ruta inayotaka kutumia chaneli za sehemu hiyo hutakiwa kusikiliza kwanza kama kuna rada kabla ya kurusha.

Mtumiaji afahamu pia kwamba simu iliyoshika gigahezi 5 huweza kuendelea kuing'ang'ania hata inapofifia, hivyo wakati mwingine atalazimika kubadili jina mwenyewe anapoingia chumba cha mbali. Kutenganisha bendi hakuongezi kasi aliyoilipia.

Ndiyo maana kipimo cha mwisho kifanyike karibu na ruta, kwenye gigahezi 5, au vyema zaidi kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Pima asubuhi, mchana na usiku, na uhifadhi picha za matokeo. Kasi ikiwa nzuri hapo na mbaya chumbani, kifurushi cha juu hakitasaidia. Hamishia ruta katikati ya nyumba au ongeza kifaa cha kusambaza Wi-Fi. Ikiwa hata hapo iko chini sana ya ile iliyo kwenye mkataba, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma ukiambatisha picha hizo, na uombe namba ya kumbukumbu. Mwulize pia kuhusu ukurasa wa mipangilio endapo ameufunga, kwani wapo wanaoweza kutenganisha bendi kutoka ofisini kwao. Asiposhughulikia lalamiko, lilete kwetu pamoja na namba hiyo.