Aliyenyamaza Si Lazima Ameondoka

(Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni wiki hii.)

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikuwa Tukuyu, mji wa mvua na migomba, wilayani Rungwe. Nilikuta chama kimoja cha wakulima wa maparachichi kimo katika masikitiko. Mnunuzi alikuwa amewaandikia barua pepe kwamba lori lake litafika siku moja kabla ya ile waliyopatana. Barua ilifika kwenye seva, yaani ile kompyuta inayopokea na kutunza barua, lakini karani hakuweza kuifungua. Kila alipojaribu aliambiwa laini zimejaa. Lori likafika matunda yangali mitini, likaondoka tupu.

Je, laini hizo zilijazwa na nani? Hapo ndipo penye somo la leo.

Zamani, kompyuta iliyotaka kujua kama kuna barua mpya ililazimika kuuliza kila baada ya dakika chache, kama mtu anayekwenda posta kutwa kukagua sanduku lake. Mwaka 1997 ukatolewa utaratibu uitwao IDLE. Kwa utaratibu huo, kompyuta au simu huiambia seva: "Nakaa hapa kimya, barua ikija nishtue." Ni jambo jema, ila kila anayekaa kimya ameshika laini moja.

Chama kile kilikuwa na anwani moja iliyotumiwa na ofisi nzima. Programu ya kusomea barua kama Thunderbird huweza kushika laini 5 peke yake. Nayo Dovecot, programu ya seva iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002, kwa kawaida yake humruhusu mtumiaji mmoja laini 10 kutoka mahali pamoja. Basi kompyuta mbili tu zatosha kujaza ukumbi! Tena mtandao ukikatika kwa mvua, kompyuta hurudi kwa laini mpya, na ile ya zamani hubaki kwenye seva kwa muda, kama kiti kilichowekewa koti na mwenyewe keshaondoka.

Kijana anayeitunza seva hiyo aliniambia, "Mzee, nimeamua kuandika kipachiko." Kipachiko ni programu ndogo inayobandikwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi. Nia yake ilikuwa kumkatia laini kila anayenyamaza dakika 5.

Nikamwuliza: kunyamaza ni kosa? Utaratibu wenyewe humshauri anayesubiri ajitokeze upya angalau kila dakika 29, kwa kuwa seva inaruhusiwa kumtoa aliyenyamaza dakika 30. Ukimkata baada ya dakika 5, simu yake itapiga hodi tena, itataja tena neno la siri, na kula chaji na bando lake. Seva nayo itachoshwa na hodi za watu wale wale.

Kijana alifikiri, akabadili. Kipachiko chake sasa hakihesabu dakika za ukimya, kinahesabu viti. Viti vikijaa na akaja mwingine, hafukuzwi mlangoni, bali hufungwa laini iliyokaa kimya muda mrefu kuliko zote. Kama mwenyewe yupo, atarudi. Kama lilikuwa koti tupu, hakuna aliyeonewa. Lakini ikiwa wote wapo, watashinda wakitoana kwenye viti. Kwa hiyo aliongeza idadi ya laini, na kila mtumishi akapewa anwani yake.

Ndugu zangu, tunaopanga taratibu maofisini tujifunze hapo. Sheria inayotungwa kwa hasira humpiga asiyehusika. Kabla ya kuweka kikomo tuulize: tunamzuia nani, na amekosa nini? Aliyenyamaza pengine anasubiri barua itakayookoa mavuno yake.

Kwa leo naishia hapo.