Nyumba Isiyopoteza: Uwakili wa Umeme, Mkaa na Kuni katika Familia Zetu



Katika ziara za kichungaji kwenye Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, kilio cha gharama ya nishati husikika karibu kila nyumba. Umeme ulionunuliwa Jumapili umekwisha kabla ya Ijumaa. Gunia la mkaa lililotegemewa kumaliza mwezi limeishia katikati. Binti aliyepaswa kuwa darasani ametumwa kutafuta kuni. Fedha inayoteketea kwa namna hii ndiyo ile ile inayosubiriwa na ada ya shule, bima ya afya na chakula cha watoto. Kwa sababu hiyo, tumeona vema kueleza kwa utaratibu ni wapi nishati hupotea ndani ya nyumba zetu, na ni marekebisho gani ya gharama nafuu yanayoweza kuupunguza mzigo huu.

Suala hili linaigusa imani yetu moja kwa moja. Baada ya kuwashibisha umati wa watu kwa mikate mitano na samaki wawili, Bwana wetu Yesu Kristo aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu chochote (rej. Yn 6:12). Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa mazingira, nyumba ya wote, aliyataja matendo madogo ya kila siku, kama vile kuzima taa zisizohitajika na kupika kiasi kinachoweza kuliwa, kuwa ni sehemu ya wajibu wa mwamini. Uwakili huanzia jikoni.

1. Jikoni: mahali pa kuanzia

Hapa Tanzania, zaidi ya familia nane kati ya kumi bado hupikia kuni na mkaa. Ndiyo maana Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wakati safari hiyo ikiendelea, yako mambo ambayo familia inaweza kuyafanya tangu wiki hii.

Kwanza, jiko lenyewe. Jiko la mafiga matatu, na lile la bati tupu, huruhusu sehemu kubwa ya joto kutoroka pembeni bila kuigusa sufuria. Jiko lililowekewa udongo wa kuchoma ndani yake hulizuia joto hilo na kulirudisha kwenye chungu. Majiko ya namna hii yalianza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo hupatikana katika masoko yetu mengi. Likitengenezwa vizuri na kutumiwa vizuri, hupunguza mkaa kwa takriban theluthi moja hadi nusu. Tuchukue kile kiwango cha chini: familia iliyokuwa ikitumia gunia moja kwa mwezi itaokoa magunia manne kwa mwaka. Kila mmoja wetu anajua bei ya gunia mahali anapoishi. Apige hesabu, kisha ailinganishe na bei ya jiko. Wakati wa kununua, tazama kama udongo wa ndani hauna ufa na umekaa imara, na kama kidirisha cha kupitishia hewa kinafunguka na kufungika. Kidirisha hicho ndicho kipunguza moto: chakula kikishachemka, kifungwe kiasi, nao mkaa utadumu muda mrefu zaidi.

Pili, mazoea ya upishi, ambayo hayagharimu chochote. Maharage na makande yakilowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria ifunikwe, kwa sababu mvuke unaotoka ni joto lililokwisha kulipiwa. Maji yakishachemka, moto mkali hauongezi joto la chakula, bali huongeza mvuke tu. Moto mdogo watosha. Vitu vikatwe na kuandaliwa kabla jiko halijawashwa, mkaa usiwe unateketea huku vitunguu vikimenywa.

Tatu, kapu la kutunza joto. Chukua kapu kubwa au ndoo, uzungushie ndani mabaki ya vitambaa, sufi au majani makavu, na utengeneze mto wa kufunikia. Wali au maharage yaliyokwisha kuchemka vizuri huingizwa humo yakiwa katika sufuria iliyofunikwa, nayo huendelea kuiva bila moto. Maharage yachemshwe kwanza kwa nguvu, na yakitoka kapuni yachemshwe tena kabla ya kupakuliwa.

Nne, kwa familia zenye umeme, tusiogope jiko la presha la umeme. Wengi huamini kwamba kupikia umeme ni anasa, kwa sababu hufikiria jiko la koili linalowaka saa nzima. Jiko la presha hufanya kazi tofauti: limefungwa, limezungushiwa kizuia joto, na likishafikia presha yake hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Jiko la wati 1,000, hata lingewaka mfululizo kwa saa nzima, lingetumia uniti moja tu. Na kwa kuwa haliwaki mfululizo, kilo ya maharage huiva kwa chini ya hapo. Wanaotumia gesi, nao waangalie rangi ya moto: wa buluu unaunguza gesi vizuri, wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni dalili kwamba jiko linahitaji kusafishwa au kurekebishwa.

2. Kuielewa mita ya LUKU

Wengi hununua umeme bila kujua unahesabiwaje. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Namba ya wati huandikwa kwenye kila kifaa. Uizidishe kwa saa za matumizi, ugawe kwa 1,000, utapata uniti.

Jambo la pili ni daraja la mteja. Kwa utaratibu wa bei uliowekwa Tanzania Bara mwaka 2016 na kutumika kwa miaka mingi, mteja wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali mteja wa matumizi ya kawaida hutozwa shilingi 292. Uniti 75 zinagharimu shilingi 7,500 katika daraja la kwanza. Katika daraja la pili, uniti hizo hizo zinagharimu shilingi 21,900. Kwa familia maskini, kubaki chini ya mpaka huo ni jambo zito kuliko kuzima taa moja au mbili. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo upungufu wa uniti katika manunuzi ya kwanza ya mwezi hautokani daima na matumizi.

3. Taa, maji ya moto na friji

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hutumia uniti 1.35. Nyumba yenye balbu sita za namna hiyo huokoa takriban uniti 46 kila mwezi, zaidi ya nusu ya zile 75. Asiyeweza kuzibadilisha zote kwa pamoja aanze na taa ya nje: ikiwaka saa kumi na mbili kila usiku, balbu ya wati 60 peke yake humeza uniti 21.6 kwa mwezi, na ya wati 9 uniti 3.24.

Mzigo mkubwa zaidi, hasa katika nyanda za baridi, ni hita ya bafuni. Hita ya wati 4,500 ikitumiwa dakika kumi huchukua uniti 0.75. Watu watano wakioga hivyo mara moja kwa siku, ni uniti 112.5 kwa mwezi kwa kuoga tu. Kuzipasha lita kumi za maji ya kuoga kwa ndoo, kutoka nyuzi joto 20 hadi 40, huhitaji takriban robo ya uniti. Katika siku za jua, pipa jeusi lililoachwa juani mchana huipunguza gharama hata zaidi. Pasi nayo hutumia wati 1,000 au zaidi. Nguo za wiki nzima zikipigwa kwa mkupuo mmoja, hatuilipii pasi kupata moto upya kila asubuhi.

Friji ijaribiwe kwa karatasi: ifungie katikati ya mlango na fremu, kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na ubaridi unavuja; mpira hubadilishwa kwa fedha kidogo kuliko kununua friji mpya. Isibanwe ukutani wala kuwekwa karibu na jiko, na barafu iliyoganda kwa unene iyeyushwe, kwa kuwa inazuia ubaridi usipite.

4. Nyumba yenyewe

Waliojenga kandokando ya mwambao wetu zamani walijua kuishi bila kiyoyozi: kuta nene, baraza lenye kivuli, madirisha yanayotazamana, paa la makuti. Nyumba ya bati isiyo na dari hushusha joto la jua lote juu ya vichwa vya wakazi wake. Dari, hata ya ubao mwepesi, pamoja na matundu ya kupitishia hewa moto chini ya paa, huleta nafuu kubwa. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu ya jua. Mti uliopandwa upande wa magharibi huukinga ukuta na jua la alasiri. Chumba kikipoa hivyo, feni hutosha, nayo hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme wa kiyoyozi. Karatasi moja ya bati la plastiki linalopitisha mwanga, ikiwekwa juu ya jiko au ukumbi wenye giza, huondoa haja ya kuwasha taa mchana.

Kwa ndugu zetu wa Makete, Njombe na Lushoto, hitaji ni kinyume chake: kuziba nyufa za milango na madirisha ya vyumba vya kulala kwa vitambaa vizito. Hapa tunatoa onyo kwa uzito wote. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani usiku ili kupasha joto. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Na jiko la kuni lisizibiwe madirisha kwa nia ya kutunza joto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wanaouvuta zaidi moshi huo ni akina mama na watoto. Hakuna akiba inayostahili bei hiyo.

5. Haki kati ya wenye nyumba na wapangaji

Liko jambo ambalo wengi hawalizungumzi. Nyumba yenye wapangaji wanne au watano ikitumia mita moja, matumizi ya jumla huvuka uniti 75 kwa urahisi. Hivyo mjane mwenye balbu mbili na redio, ambaye peke yake angestahili bei ya chini, hulipa bei ya juu, na pengine huchangia sawasawa na jirani mwenye friji na hita. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia hapo. Tunawasihi wenye nyumba walio waamini wetu: pale inapowezekana, kila familia ipatiwe mita yake, ikishindikana, wekeni mita ndogo za kuhesabia kila chumba, ili kila mmoja alipe alichotumia. Mpangaji naye hawezi kubadilisha bati wala dari ya nyumba isiyo yake. Ni juu ya mwenye mali kutengeneza. Utu na heshima ya mpangaji ni ile ile ya mwenye nyumba.

6. Tuanzie wapi?

Bwana alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama (rej. Lk 14:28). Tunazialika familia ziketi jioni moja, zikiwa na kalamu na daftari, ziandike vifaa vyote, wati zake na saa za matumizi, pamoja na makopo ya mkaa ya wiki. Kisha zichague jambo moja lisilohitaji fedha na jambo moja la gharama ndogo, na baada ya mwezi zilinganishe.

Jumuiya nazo zina nguvu ambayo familia moja haina. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyomo parokiani vinaweza kuwanunulia wanachama majiko bora kwa zamu, wakianza na wazee, wajane na wagonjwa. Fundi umeme na fundi jiko waliomo katika jumuiya watoe saa chache za kuwakagulia jirani zao nyaya na majiko. Parokia zetu pia zianze kwa mfano: taa za kanisa, jiko la nyumba ya mapadre na majiko ya shule zetu yapimwe kwa kipimo kile kile tunachowapimia waamini.

Mwenyezi Mungu azibariki familia zetu, na kazi ya mikono ya wale wanaopika, wanaojenga na wanaotunza.